Sedani Kali ya Mtumba Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kudumu Kwake

Kazi yangu ni kukagua magari kabla mnunuzi hajatoa pesa. Asubuhi huenda niko Kasarani, mchana Industrial Area, jioni kwenye yadi fulani Kiambu Road. Maswali yaliyo hapa chini huingia kwenye simu yangu kila wiki, karibu kwa maneno haya haya. Nimeamua kuyajibu kwa urefu kwa sababu jibu fupi la "hilo chukua" au "hilo achana nalo" limewagharimu watu ninaowajua akiba ya miaka mitatu, minne.

Unaposema sedani kali unamaanisha gari gani?

Gari la milango minne lenye buti, ambalo mtu hulinunua kwa sababu ya injini yake. Hapa Nairobi orodha inajulikana: Subaru Legacy B4 na WRX, Toyota Mark X na Crown Athlete, Lexus IS, BMW za familia ya 3, Mercedes C-Class, Audi A4 na S4, na Lancer Evolution chache zilizobaki. Hatuzungumzii Axio wala Premio. Hizo zina msamaha mwingi, hizi hazina.

Fundi, niambie tu: ni ipi inayodumu kuliko zote?

Kila mara nami humuuliza anayeniuliza: ilikuwa mikononi mwa nani? Nimekuta Mark X iliyonyimwa oili ikiwa imekwisha kabla ya kufika kilomita 130,000. Nimekagua pia BMW yenye kilomita 190,000 ambayo injini yake ilitulia kama imetoka kiwandani jana, kwa sababu mwenyewe alikuwa na faili nene la risiti, kila moja na tarehe yake. Ukinunua gari la aina hii unanunua miaka yake iliyopita. Jina lililo kwenye boneti linakuambia tu ugonjwa upi wa kuutafuta kwanza.

Magonjwa yenyewe basi.

Mark X ndiyo ninayoikubali kwa wepesi zaidi. Injini ya 2.5, 4GR-FSE, hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazisafishwi na mafuta na hushika kaboni. Dalili ni injini kutetemeka ikiwa imesimama, hasa asubuhi. Kaboni husafishwa, si kifo. Ile ya 3.5, 2GR-FSE yenye nguvu za farasi 318, ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, kwa hiyo tatizo hilo ni dogo sana. Kwenye injini zote hizi za GR chungulia pampu ya maji: ukiona ukoko wa rangi ya waridi umekauka pembeni yake, imeanza kuvuja.

Legacy B4 ya 2.5 GT ilikuja na injini ya EJ255 na nguvu za farasi 285. Ni gari tamu kuendesha, na ndilo lililonifundisha kazi. Udhaifu wake ni pistoni: ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi hupasuka mafuta yakiwaka kabla ya wakati wake, na hayo hutokea petroli ikiwa dhaifu au mtu akiwa amechezea kompyuta ya injini. Taimingi belti yake inataka kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ikikatika vali hukutana na pistoni. Legacy ya 2.0 DIT iliyokuja mwaka 2012, na WRX S4 baada yake, zina injini ya FA20, inayotumia cheni badala ya belti, na farasi 300. Injini hiyo naiamini zaidi, lakini nayo hunyunyizia ndani ya silinda, kwa hiyo suala la kaboni linarudi.

BMW za familia ya 3 za umbo linaloitwa F30 nazigawa mara mbili bila huruma. Zile za kabla ya 2015 zenye injini ya N20, yaani 320i na 328i, zina miongozo ya plastiki inayoshikilia cheni ya taimingi. Plastiki hiyo huzeeka, humeguka, vipande vikaanguka kwenye kikarai cha oili na kuziba mdomo wa pampu. Injini hufa bila onyo zaidi ya mlio mwembamba wa kuzomea kutoka chini. Zilizokuja baada ya kuboreshwa, 330i yenye B48 na 340i yenye B58, ni habari nyingine. B58 ni kati ya injini bora za silinda sita nilizowahi kushika, na nasema hivyo nikijua watu wa Toyota watanijibu. Kwenye BMW zote tafuta uvujaji wa oili kwenye gasketi ya kifuniko cha vali na ile ya nyumba ya filta, na uliza pampu ya maji ilibadilishwa lini.

Mercedes C-Class ya umbo la W204 yenye injini ya M271 husikika ikiwashwa baridi: mlio wa kukwaruza wa sekunde mbili, tatu, kisha kimya. Huo ni mnyoosho wa cheni na meno ya gia za kamshafti kulika. Audi A4 ya umbo la B8 yenye injini ya 2.0 TFSI, hasa zile za 2009 hadi 2011, hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Zipo zilizokunywa lita nzima kwa kilomita 1,000. Kama ringi hazijabadilishwa, bei ya chini haikusaidii kitu.

Kilomita ni 68,000 tu. Hiyo si dhamana ya kutosha?

Hapana. Namba ya kilomita hubadilishwa kwa nusu saa na kifaa kinachotosha mfukoni. Mimi huanza na vitu ambavyo watu husahau kuvibadilisha: mpira wa pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, ngozi ya usukani saa tisa na saa tatu, na kitufe cha dirisha la dereva. Gari la kilomita 68,000 halina pedali iliyong'aa hadi chuma kikachungulia.

Kama gari lilitoka Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha nje. Cheti huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kule, kwa hiyo namba iliyorudishwa nyuma hapa Nairobi hujulikana mara moja. Kwenye karatasi ya mnada soma daraja: 4 na 4.5 ni gari safi, R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Herufi zilizochorwa juu ya picha ya bodi nazo zina maana: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hakikisha namba ya chasisi iliyo kwenye karatasi ni ile iliyopigwa kwenye chuma cha gari. Nimeoneshwa karatasi safi kabisa, ila ya gari lingine.

Kilomita nyingi zenyewe hazinitishi. Gari la kilomita 140,000 lililokuwa likienda Nakuru na kurudi kila wiki limeishi maisha mepesi kuliko la 70,000 lililomaliza miaka yake kwenye foleni kati ya Nyayo na Bellevue.

Bora niagize Japani au ninunue lililokwisha kutumika hapa?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Legacy GT ninazozisema hapa, Evolution X na F30 za mwanzo huwezi kuziagiza tena. Zilizopo ni hizi tulizo nazo. Mark X nayo iliacha kuundwa Desemba 2019, kwa hiyo mlango wake unafungwa tukiutazama.

Linaloagizwa lina faida ya karatasi, na Japani watu wengi hufuata sevisi. Ubaya wake ni kwamba limekaa yadini, likaendeshwa mara mojamoja, na turbo zake zilizoea petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani isiyopungua 96. La hapa lina faida moja kubwa: unaweza kumpata fundi aliyelihudumia na kuzungumza naye. Nikimpata mtu wa kwanza na wa pekee kulimiliki hapa, mwenye risiti, ninachagua la hapa. Likiwa limepita mikono minne kwa miaka mitatu, sitaki hata kufungua boneti. Watu hawauziani hivyo gari lisilo na shida.

Herufi za namba ya gari, KC hii au KD ile, zinaonyesha lilisajiliwa lini hapa, wala si mwaka lilipoundwa. Watu bado wanauziwa mwaka wa 2014 kwa bei ya KD.

Nairobi inaathiri vipi gari la aina hii?

Hili huulizwa mara chache, ilhali ndilo linaloamua mengi.

Tuko juu, karibu mita 1,700. Hewa tunayovuta ina presha pungufu ya ile ya Mombasa kwa kama asilimia 17. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho: farasi 200 za kwenye karatasi zinabaki 170 hivi ukiwa Westlands. Turbo hujaribu kufidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Ikiwa kuna bomba la hewa lililopasuka kati ya turbo na injini, hata ufa wa urefu wa ukucha, turbo inazunguka kupita kiasi siku nzima na dereva hajui. Anachoona ni gari limekuwa zito kidogo na linakunywa. Ndiyo maana napitisha moshi kwenye mabomba ya turbo kabla ya kusema lolote kuhusu injini.

Kisha maji. Usawa huu maji matupu huchemka kwenye kama nyuzi 94. Injini hizi hufanya kazi kwenye 90 hadi 105. Kinachozuia yasichemke ni presha iliyofungiwa na kifuniko cha radieta, pamoja na kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kifuniko kizima na kulanti safi hukupa nafasi hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kilichochoka na maji ya mfereji hukupa mvuke kwenye kichwa cha injini ukiwa umesimama foleni Mombasa Road saa kumi na moja jioni, na hapo ndipo gasketi za Subaru na vichwa vya alumini vya Wajerumani hufia.

Kuna tabia moja ya gereji zetu ambayo inanikera kweli, na ninaisema kila ninapopata nafasi: kung'oa thamostati, ile vali inayoongoza joto la maji ya injini, "ili injini isichemke." Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake. Kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inaongeza petroli, petroli inateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Gari halichemki, kweli, ila linalika pole pole kwa ndani. Kulijua ni rahisi. Unganisha skaneri, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, soma joto gari likiwa limesimama, kisha ingia Thika Road uende kilomita 80 kwa saa. Joto likianguka kutoka 90 hadi 65, thamostati haimo au imekwama wazi. Uliza ni kwa nini waliitoa. Mara nyingi jibu ni kwamba gari liliwahi kuchemka.

Ukaguzi wenyewe unafanywaje? Nataka kujua usinifiche kitu.

Sharti la kwanza silipunguzi: injini iwe baridi. Ninamwambia muuzaji siku moja kabla kwamba nitafika saa moja asubuhi na kwamba gari lisiwashwe. Nikifika, kabla ya salamu kwisha, naweka kiganja kwenye boneti. Likiwa na joto naahirisha.

Sababu yake ni hii. Legacy yangu ya kwanza niliinunua yadini, nikiwa tayari na miaka sita ya ufundi. Niliikuta inanguruma, wakasema wanaichaji betri. Iliendeshwa vizuri, haikutoa moshi, nikalipa. Asubuhi yangu ya kwanza nayo nyumbani ilitoa wingu la buluu lililofika kwenye dirisha la jirani. Miezi mitano baadaye nilifungua injini nikakuta pistoni ya nne ina ukingo uliomeguka, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kimechora mstari kwenye ukuta wa silinda kutoka juu hadi chini. Nilikiweka kwenye kijikopo. Bado ninacho, na huwaonyesha wanafunzi wangu kabla sijawapa spana.

Injini ikiwa baridi, kwanza nafungua kifuniko cha radieta au cha tangi la kulanti. Natazama rangi, nanusa, nachovya kidole. Utandu wa mafuta, au harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya maji, humaliza ukaguzi hapo hapo. Kisha kifuniko cha oili: natazama upande wa ndani. Rangi ya kahawia ya asali ni nzuri. Masizi meusi yaliyoganda kama lami ni gari lililokaa kilomita 15,000 bila oili mpya. Povu la rangi ya maziwa laweza kuwa safari fupi za baridi, laweza kuwa gasketi. Nalilinganisha na maji kabla sijahukumu.

Ndipo liwashwe, na awashe mtu mwingine. Mimi nasimama mbele, sikio karibu na upande wa cheni. Sekunde tano za kwanza zinasema mengi kuliko saa nzima ya kuendesha. Mtu wa pili anatazama ekzosi: buluu ni oili, nyeupe nzito isiyoisha yenye harufu tamu ni kulanti, nyeusi ni petroli nyingi.

Likishapata joto naunganisha skaneri. Usiridhike na "hakuna kosa." Uliza kompyuta kama imekamilisha majaribio yake ya ndani. Mtu akifuta makosa asubuhi ile ile, majaribio hayo hurudi sifuri na huchukua siku kadhaa za kuendesha kukamilika. Skrini safi yenye majaribio ambayo hayajakamilika inaniambia kuna kilichofichwa, nami narudi baada ya wiki au siji tena.

Kisha presha ya silinda. Hapa mafundi wenzangu wengi hukosea: wanasoma namba ya kitabu, wanakuta gari liko chini, wanatangaza injini imekwisha. Kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi kila silinda itasoma chini. Linganisha silinda na silinda. Tofauti isizidi kama asilimia 10. Nikipata moja imeachana na wenzake, nafanya jaribio la kuvuja, najaza hewa na kusikiliza inatokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye njia ya hewa, au kwenye shimo la oili.

Baada ya hapo barabara. Njia yangu ninayoipenda ni kutoka Waiyaki Way hadi Limuru, kwa sababu inapanda kwa muda mrefu na turbo haipumziki. Mteja akikubali kulipia siku nzima, tunashuka Mai Mahiu na kupanda tena. Gari lenye mfumo wa maji uliochoka halifichi kitu kwenye ule mlima. Tukirudi naliacha lingurume dakika kumi bila kuzima, kisha nabonyeza gesi ghafla na kutazama moshi.

Liinuliwe mwisho. Chini natazama boshi za mikono ya mbele, shokapu, na kama fremu ina mikunjo au rangi mpya mahali ambapo kiwanda hakipaki rangi. Matuta yetu huvunja boshi za BMW na Audi mapema. Hilo halinifanyi nikatae gari, linanifanya nipunguze bei.

Lina "stage two", yaani programu ya kuiongezea injini nguvu, na ekzosi kubwa. Ni ziada au ni hasara?

Kwangu ni hasara mpaka uthibitisho uletwe. Uthibitisho ni nani aliandika programu ya injini, petroli gani aliitumia kuipimia, na kumbukumbu za mchanganyiko wa hewa na petroli. Kwenye Subaru za EJ, programu mbaya ndiyo inayopasua pistoni. Gari lililorudishwa kuwa la kawaida siku chache kabla ya kuuzwa ni baya zaidi ya lililobaki kama lilivyo, kwani mwenyewe ameamua usijue. Angalia kama nati za turbo zina alama mpya za spana.

Giaboksi je? Nasikia CVT, zile za mkanda au cheni zisizo na gia za hatua, na za klachi mbili hufa Nairobi.

Zinazokufa ni zile zilizoambiwa oili yake ni ya maisha. ZF, waliounda giaboksi ya gia nane iliyo kwenye BMW hizi, wenyewe wanapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Ikifanyiwa hivyo ni giaboksi ngumu mno. CVT ya WRX S4 naikubali ikiwa oili yake ilibadilishwa na haina mngurumo wa beringi ukiachia gesi kwenye kasi ya kilomita 60. Za klachi mbili za Volkswagen na Audi huteseka kwenye foleni ya kusogea hatua mbili, kusimama, kusogea hatua mbili. Kama kila siku unapita Outering saa za kazi, chagua otomatiki ya kawaida yenye konvata. Jaribu giaboksi yoyote ikiwa baridi na ikiwa moto, na usiache kujaribu rivasi kwenye mteremko.

Niweke akiba kiasi gani baada ya kununua?

Mimi huwaambia wateja wangu watenge moja ya tano ya bei ya gari, na wasiiguse kwa rimu wala redio. Kama una milioni 2, tafuta gari la milioni 1.65 hivi na ubaki na iliyobaki. Mwezi wa kwanza fanya kazi hizi hata kama muuzaji ameapa zimefanywa: oili na filta zote, oili ya giaboksi, kulanti na kifuniko cha radieta, plagi, oili ya breki, na belti kama huna risiti yake. Baada ya hapo oili kila kilomita 5,000 kwa gari la turbo. Kitabu kitasema zaidi ya hapo, lakini kitabu hakikukaa kwenye foleni ya Lang'ata Road.

Ikiwa pesa zote zinaishia kwenye bei ya kununulia, nakuomba usinunue gari la aina hii mwaka huu. Nasema kwa sababu nimewaona wakiliegesha miezi minane nyumbani likisubiri turbo, mkopo ukiendelea kulipwa.

Vipuri vinapatikana?

Vya Mark X na Subaru, Kirinyaga Road utavipata siku ile ile. Vya BMW na Mercedes vipo Industrial Area na kwa waagizaji wadogo, lakini vingine husubiriwa wiki mbili. Vya Evolution, hasa pampu ya mfumo wa kugawa nguvu magurudumu ya nyuma, unaweza kusubiri zaidi. Kabla ya kununua piga simu uulize bei ya vitu vitatu: turbo, pampu ya maji na mkono wa mbele wa chini. Dakika kumi zinatosha.

Jihadhari na plagi na oili bandia. Plagi halisi za iridiamu zina ncha nyembamba iliyonyooka katikati kabisa. Za bandia ncha huwa imepinda au imepakwa tu. Plagi bandia kwenye injini ya turbo huleta ule ule mlipuko wa mapema unaovunja pistoni.

Na "injini ya mtumba kutoka Japani" si suluhisho la haraka kama inavyosemwa. Ni injini nyingine ambayo hujui ilitunzwa na nani.

Petroli ya kawaida inafaa?

Fungua mfuniko wa tangi usome kibandiko. Kama kinataka ya daraja la juu, iwekee hiyo siku zote, si wikendi tu.

Karatasi nizikague vipi?

Tafuta rekodi za gari kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kulipa hata amana. Jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Jina la benki au la mkopeshaji likitokea pamoja naye, gari lina deni, na deni hilo lilipwe mbele yako kwanza. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji mwenyewe kwenye akaunti yake, nawe ukaukubali kwenye yako. Usikubali kupewa logbuku, hati ya umiliki wa gari, na ahadi kwamba mtamalizia wiki ijayo. Namba ya injini nayo uisome kwenye chuma. Subaru nyingi zimebadilishwa injini bila rekodi kubadilishwa.

Muuzaji amesema nitumie fundi wake, au gari lisitoke yadini.

Mwambie asante, ondoka. Akikupigia kesho yake na kukubali, nenda na kiganja chako ukaanze na boneti.